Mhunzi na Maandishi Yaliyofumbwa: Sababu za Kuuza Programu Zisizosomeka

Nchi ya Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara, ina namna mbili za ujuzi ambazo msafiri aweza kuziona katika mwendo wa siku chache. Namna ya kwanza imeandikwa juu ya ardhi. Katika milima ya Mama Isara, ambayo Wairaqw wenyewe huiita Iraqw'ar Da'aw, wakulima wamekata matuta, wamechimba mifereji ya kuondoa maji mabondeni, na hutoa samadi zizini wakaipeleka shambani. Kazi hii yote iko wazi mbele ya macho. Kijana hahitaji ruhusa ya mtu kuitazama, na jirani akiona kuwa mfereji wa mwenzake umefaa, huchimba wake vivyo hivyo. Lowe Börjeson, mwanajiografia wa Stockholm, alichapa kitabu katika mwaka wa 2004 juu ya historia ya kilimo hicho, akaonyesha kuwa hakikuzuka kwa ghafula kwa sababu ya kuzingirwa na maadui, kama ilivyosemwa zamani, bali kilijengwa kidogo kidogo na mikono mingi, kila kizazi kikiongeza juu ya kazi ya kizazi kilichotangulia.

Namna ya pili hukaa ndani ya ukoo. Miongoni mwa Wadatoga wako wahunzi waitwao Gidang'odiga, ambao kwa desturi huoana wao kwa wao, na mtoto hujifunza kazi mbele ya moto wa baba yake. Mkuki, kisu, ncha za mishale na bangili za shaba huuzwa kwa kila mwenye haja, awe Mdatoga au jirani wa kabila jingine. Lakini ufundi wenyewe hauuzwi. Mnunuzi huondoka na chuma mkononi. Namna ya kukifua huibakiza palepale kwenye fuawe na mivukuto.

Nimeanza na mambo haya mawili kwa sababu katika zama zetu imetokea biashara ya tatu, ambayo si ya wazi kama matuta ya Mama Isara wala si ya siri kamili kama ufundi wa mhunzi. Wako wafanyabiashara wa programu za kompyuta ambao humpa mnunuzi maandishi yenyewe ya kazi yao, mstari kwa mstari, lakini wamekwisha kuyafumba hata mtu asiweze kuyaelewa. Ni kama mhunzi anayemkaribisha mnunuzi kiwandani, kisha akamfunga kitambaa machoni. Hapana budi mtu kuuliza: ikiwa muuzaji anataka siri, kwa nini hatoi chombo tu na kubaki na maandishi yake? Na ikiwa yuko tayari kutoa maandishi, kwa nini ayafumbe? Katika makala haya nitaeleza kwanza kitu chenyewe, kisha historia iliyokizaa, kisha sababu za wauzaji, na mwisho nitapima kama sababu hizo zinawatosha watu wa nchi kama Mbulu na Hanang, ambao hununua programu nyingi kuliko wanazotunga.

Msomaji asiye fundi wa kompyuta astahimili maelezo machache. Programu huandikwa kwanza na mtu, kwa lugha ambayo mtu mwingine mwenye elimu hiyo aweza kuisoma. Hayo ndiyo maandishi ya asili. Mashine haiyafahamu hivyo yalivyo, bali hufasiriwa kwanza na programu nyingine, ambayo mafundi huiita kompaila, yakawa tarakimu za mashine. Aliyepewa tarakimu hizo amepewa chombo. Aliyepewa maandishi ya asili amepewa chombo pamoja na ufundi wake, maana aweza kuyasoma, kuyasahihisha, na kuyaongeza.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Fundi ataandika katika programu yake hivi: deni_jipya = deni_la_zamani + riba - malipo. Pembeni ataweka maelezo ya kumkumbusha mwenzake: riba haitozwi katika mwezi wa mavuno. Mtu yeyote aliyepata kushika daftari la mikopo ataelewa mara moja. Sasa programu ya kufumba ikipitishwa juu ya maandishi hayo, mstari ule hutoka hivi: a7 = a3 + a9 - a1. Maelezo ya pembeni yamefutwa. Mistari imebanwa pamoja bila nafasi, na mahali pengine njia ya hesabu imezungushwa kwa makusudi, kama mtu anayetoka Dongobesh kwenda Haydom kwa kupitia Babati. Mashine hupata jibu lile lile, kwa sababu kwake majina ni vibandiko tu. Aliyepoteza kitu ni binadamu.

Waswahili si wageni wa kufumba maneno. Iko lugha ya mchezo na ya siri iitwayo kinyume, ambayo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, nyumba ikawa mbanyu. Edward Steere aliiwekea mifano katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka katika mwaka wa 1870. Na huko huko Mbulu na Hanang iko desturi nyingine ya heshima: mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala hata maneno mengine yanayofanana nalo kwa sauti, bali hutumia maneno mengine yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Mazungumzo huendelea bila kukatika, kwa kuwa wasikilizaji wanayajua maneno ya badala.

Lakini mifano hii hutusaidia zaidi kwa tofauti zake kuliko kwa kufanana kwake. Kinyume humficha mgeni, nacho kina kanuni. Anayejifunza kanuni hiyo aweza kurudisha kila neno mahali pake. Heshima ya mwanamke wa Kidatoga huficha jina katika kinywa, si katika sikio. Kufumba kwa maandishi ya programu si hivi wala si vile. Majina ya asili hayakugeuzwa kwa kanuni, yametupwa. Hakuna ufunguo wa kuyarudisha. Na anayefichwa si mgeni apitaye njiani, bali ni mnunuzi mwenyewe aliyelipa fedha yake.

Basi jambo hili lilianzaje? Katika miaka ya 1950 programu haikuwa bidhaa. Kompyuta zilikuwa mashine kubwa za gharama nyingi, na programu ilikwenda pamoja na mashine kama mpini unavyokwenda na jembe. Katika mwaka wa 1955 watumiaji wa mashine za IBM walianzisha chama kiitwacho SHARE, na jina lake lilitosha kueleza kazi yake: walibadilishana programu walizoandika, pamoja na maandishi yake ya asili, ili kila mmoja asianze upya kazi iliyokwisha kufanywa na mwenzake. Hizo zilikuwa siku za matuta ya Mama Isara.

Tarehe 23 Juni 1969 IBM ilitangaza kuwa itaweka bei ya programu na huduma mbali na bei ya mashine. Siku hiyo mpini ulipata bei yake, na kitu chenye bei huanza kulindwa. Katika Februari ya 1976 kijana Bill Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta ndogo, akiwalaumu kwa kunakili programu yake ya lugha ya BASIC bila kulipa. Lawama yake ilitaja ukweli ambao haukuwa umempata mhunzi yeyote tangu dunia kuumbwa: mkuki ukiuzwa mara moja, muuzaji hana haja ya kuogopa kuwa kesho mnunuzi ataufanya mikuki mia kwa kufumba na kufumbua. Programu hufanywa hivyo bila gharama.

Kisa cha Unix chawahusu hasa wasomaji wa jarida la chuo kikuu. Mfumo huo ulitungwa katika maabara za Bell huko Marekani tangu mwaka wa 1969, na vyuo vikuu vilipewa maandishi yake ya asili kwa malipo madogo. John Lions, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliyachapa maandishi hayo pamoja na sherehe yake kwa ajili ya wanafunzi wake katika miaka ya 1976 na 1977. Sherehe ile ikawa kama darasa lenyewe. Kisha katika mwaka wa 1979 ukatoka mkataba mpya wa toleo la saba la Unix, uliokataza maandishi yake kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kiliendelea kupita mkono kwa mkono katika nakala za mashine, kikififia kila kiliponakiliwa, mpaka kilipochapwa kwa ruhusa katika mwaka wa 1996. Kwa muda wa karibu miaka ishirini, mwanafunzi aliyetaka kuelewa kazi kubwa ya zama zake alisoma kwa kujificha.

Sheria nayo ilikuwa ikitembea. Katika mwaka wa 1980 Marekani ilitia programu za kompyuta waziwazi katika sheria yake ya hakimiliki, na katika mwaka wa 1983 mahakama ya rufani iliamua, katika kesi ya Apple na Franklin, kwamba hata tarakimu za mashine zina hakimiliki. Kwetu Tanzania programu za kompyuta zililindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka wa 1999. Lakini hapa pana jambo ambalo ni mzizi wa makala haya. Hakimiliki hulinda maneno, haizuii fikira. Aliyesoma kitabu changu hawezi kukichapa kama chake, lakini nani atamzuia kuandika kingine kwa fikira aliyoipata ndani yake? Ndivyo ilivyo kwa programu. Mshindani akiyasoma maandishi ya asili, huiona njia, kisha huandika yake kwa maneno yake mwenyewe, na sheria haimgusi. Kwa hiyo katika mwaka ule ule wa 1983, wakati sheria ilipokuwa ikizidi kuwa kali, IBM ilitangaza kuwa programu zake mpya zitatolewa kwa tarakimu za mashine tu. Hizo zilikuwa siku za kiwanda cha mhunzi.

Kama mambo yangalikoma hapo, maandishi yaliyofumbwa yasingalihitajika. Muuzaji angalifunga mlango, basi. Lakini katika miaka ya 1980 Unix ilikuwa imeenea juu ya mashine za kila aina, za DEC, za Sun, za Hewlett-Packard, za IBM, na nyingine nyingi, na tarakimu za mashine moja hazikuwa na maana katika mashine nyingine. Kampuni kubwa iliweza kununua mashine za kila namna na kutengeneza programu yake mara kumi. Fundi mwenye watu wachache hakuweza. Alikuwa na njia moja tu ya kumfikia kila mnunuzi: ampe maandishi, na mnunuzi mwenyewe ayafasiri kwa kompaila ya mashine yake. Lakini kumpa maandishi ni kumpa ufundi. Ndipo akayafumba. Kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Gimpel Software iliuza hivyo programu yake ya FlexeLint, inayokagua makosa katika maandishi ya lugha ya C: mnunuzi alipokea maandishi ya C yaliyofumbwa, akayafasiri katika mashine yake mwenyewe, hata ikiwa muuzaji hakupata kuiona mashine ya namna hiyo. Basi si kweli kuwa kila afumbaye ni bahili. Aghalabu alikuwa mnyonge aliyebanwa kati ya mashine nyingi na wanakili wengi.

Tangu mwaka wa 1995 haja hiyo ilirudi kwa mlango mwingine. Katika mwaka huo ilitokea lugha ya JavaScript, ambayo husafiri katika intaneti kama maandishi na kufasiriwa ndani ya kompyuta ya msomaji. Anayeiuza kazi yake hivyo hana hiari. Maandishi lazima yafike. Hali kadhalika lugha ya PHP, inayotumika katika programu nyingi za ofisi, hupelekwa kwa mteja kama maandishi. Wauzaji wengi wa leo hufumba kwa sababu hiyo.

Sasa tuweke sababu za wauzaji pamoja, na tuziseme kwa haki. Ya kwanza ni wingi wa mashine, ambayo nimekwisha kuieleza. Ya pili ni kulinda fikira mahali ambapo sheria hulinda maneno tu. Ya tatu ni kulinda kufuli ya malipo: programu nyingi huwa na sehemu inayouliza kama leseni imelipwa, na katika maandishi ya wazi mtu huitafuta sehemu hiyo akaifuta kwa dakika moja. Ya nne ni kazi ya matengenezo. Mteja akiyabadili maandishi kwa mkono wake, kisha programu ikaharibika, atampigia simu muuzaji; na muuzaji atajibuje juu ya kitu asichokiandika? Ya tano ni umbali wa mahakama. Kampuni ndogo ya Arusha au ya Nairobi haina fedha ya kumfuata mnakili katika nchi ya mbali. Kufumba ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Iko na sababu ya sita, ambayo wauzaji hawaitaji sana: maandishi mengine ni mabaya, na mwenyewe huona haya yakisomwa.

Sababu tano za mwanzo si za kudharauliwa. Mtu aliyekesha miaka mitatu akitunga programu ana haki ya kula jasho lake, kama mhunzi alivyo na haki ya kutoita kijiji kizima kwenye fuawe yake. Lakini haki ya muuzaji si mwisho wa habari, na hapa nitasimulia jambo nililoliona mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye alikuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo katika mji mdogo wa upande wa Hanang, aliniita kwa sababu alisikia kuwa nina rafiki anayejua kompyuta. Programu yao ya mikopo ilikuwa imenunuliwa kwa kampuni moja ya mjini. Wanachama walikuwa wamekata shauri katika mkutano kwamba mkulima ambaye mvua imemnyima asitozwe riba ya msimu ule. Ni badiliko dogo, la mstari mmoja au miwili. Lakini kampuni ilikuwa imekwisha kufungwa, na simu yake haikupokewa tena. Tulikwenda na rafiki yangu, tukafungua kompyuta, na kumbe maandishi yalikuwamo yote, mstari kwa mstari. Rafiki yangu alisoma asubuhi nzima. Aliona a7, aliona a3, aliona b12. Alijua kuwa mojawapo ni riba, lakini hakuweza kuapa ni ipi, wala hakuthubutu kugusa fedha za watu kwa kubahatisha. Mhasibu akasema, "Mwalimu, afadhali tusingalikuwa nayo. Sasa ni kama barua ya marehemu iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mtu." Msimu ule hesabu za wakulima ziliandikwa kwa kalamu katika daftari, na programu ikabaki ikitoza riba juu ya karatasi ambazo hakuna aliyezitumia.

Nilipokuwa nikirudi nilifikiri juu ya mashamba ya ngano ya Basotu, katika wilaya ile ile ya Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lijulikanalo kama NAFCO, lilikuwa na mashamba saba makubwa huko, yaliyolimwa kwa mashine. Mradi ule ulikuwa na lawama zake, na kubwa ni malisho ya Wabarabaig yaliyochukuliwa, ugomvi uliofika Mahakama ya Rufani na kuamuliwa katika mwaka wa 1985. Ulikuwa pia na lawama ya kutegemea mashine na vipuri vya mbali. Lakini trekta, hata likitoka Canada, lina fadhila moja: halina fumbo. Fundi akilifungua ataona jino linaloshika jino jingine. Akipima kilichovunjika aweza kuchonga mfano wake, au akatoa kipuri katika trekta lililokufa akaponya lililo hai. Chuma humjibu anayekiuliza. Maandishi yaliyofumbwa yametengenezwa ili yasijibu.

Tena kufumba hakumlindi muuzaji kama anavyodhani. Katika mwaka wa 2001 Boaz Barak na wenzake sita walithibitisha kwa hesabu kwamba haiwezekani kuwapo njia moja ya kufumba itakayoficha kila siri ya kila programu. Wataalamu wameendelea kutafuta namna nyingine zilizo dhaifu kuliko hiyo, na zimepatikana katika nadharia, lakini programu za kawaida za sokoni hazifumbwi kwa hizo. Mashine lazima ielewe la kufanya. Na kinachoeleweka na mashine, mtu mwenye subira, muda na fedha aweza kukifuatilia hatua kwa hatua mpaka akapata njia. Basi ni nani anayezuiliwa? Mshindani tajiri hucheleweshwa kwa miezi michache. Anayezuiliwa kabisa ni mhasibu wa mji mdogo, ambaye hakutaka kuiba kitu, bali alitaka kutekeleza shauri la mkutano.

Wako waliokataa desturi hii kwa maneno ya sheria. Leseni ya GNU katika toleo lake la pili, la mwaka wa 1991, ilieleza kuwa maandishi ya asili ya programu ni ile sura yake ambayo mtu angeipendelea anapotaka kuibadili. Kwa maelezo hayo, maandishi yaliyofumbwa si maandishi ya asili hata yakiwa na kila mstari. Na katika mwaka wa 1998 masharti yaliyotolewa ya programu za chanzo huria yalikataza waziwazi maandishi yaliyovurugwa kwa makusudi. Hapa Tanzania baadhi ya hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri zimetumia Care2x, programu ya hospitali iliyo wazi, iliyoandikwa kwa PHP. Fundi wa hapa aweza kuisoma na kuibadili ifuate desturi za kazi yake. Ni habari njema. Lakini sisemi kuwa kila programu lazima iwe hivyo, maana atakayeamuru kuwa mafundi wote watoe ufundi wao bure, kesho atakuta mafundi wameacha kazi.

Nalisema jambo jingine. Tuirudie siri ya Gidang'odiga na tuulize kwa nini majirani waliivumilia vizazi vingi. Jibu ni kwamba moto wa mhunzi ulikuwa karibu. Mkuki ukipinda, mwenyewe aliuchukua akaurudisha kwa aliyeufua. Mhunzi akifa, mwanawe alikuwa amekwisha kushika nyundo. Ukoo ulificha ufundi, lakini ukoo haukufungwa kama kampuni, wala haukuhama na kubadili namba ya simu. Siri yake ilikuwa na dhamana, na dhamana hiyo ilikuwa maisha ya ukoo wenyewe. Muuzaji wa programu ameichukua siri ya mhunzi, akaiacha dhamana yake.

Dawa yake si ngeni katika lugha yetu. Jina lake ni amana. Katika biashara ya programu iko desturi ya zamani ya kuweka maandishi ya asili, yaliyo wazi na yenye maelezo yake, kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na pande mbili. Muuzaji akiwa hai na akitimiza kazi yake, bahasha haifunguliwi. Akifilisika, au akiacha kuitengeneza programu kwa muda uliotajwa katika mkataba, mteja hupewa. Makampuni makubwa ya ng'ambo hudai sharti hili kila siku wanaponunua programu. Vyama vyetu vya akiba, halmashauri zetu na zahanati zetu aghalabu hutia sahihi bila kuliuliza, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa laweza kuulizwa. Gharama yake si kubwa ikiwa vyama kumi vya wilaya moja vitaidai pamoja. Wala haimnyang'anyi muuzaji kitu. Humwachia siri yake muda wote anaofanya kazi, na humnyima jambo moja tu, yaani kuondoka na ufunguo wa nyumba ya watu.

Yako na wajibu wa vyuo. Kwa kadiri nionavyo, kijana aliyesomea kompyuta hufundishwa namna ya kutunga, na mara chache hufundishwa namna ya kununua. Hajui kuisoma leseni, wala kutofautisha maandishi ya asili na maandishi yaliyofumbwa, wala kuandika sharti la amana kwa Kiswahili ambacho katibu wa chama ataweza kukisoma mbele ya wanachama wake. Hiyo ni kazi yetu sisi walimu wa lugha pamoja na wao, maana mkataba ambao mnunuzi hawezi kuusoma ni fumbo la pili juu ya fumbo la kwanza.

Yule mwanafunzi wangu bado yuko katika chama kile. Wamenunua programu nyingine, nayo pia imefumbwa, kwa kuwa muuzaji ni fundi kijana wa Arusha aliyewahi kuibiwa kazi yake na sikuona sababu ya kumlaumu. Lakini safari hii maandishi ya wazi yamewekwa kwa wakili, pamoja na karatasi moja inayoeleza kila jina: a7 ni nini, a3 ni nini, na mwezi wa mavuno ni upi. Bahasha haijafunguliwa, na wanachama wanaomba isifunguliwe, maana siku itakayofunguliwa itakuwa siku ya kuzimika kwa moto wa mhunzi wao. Lakini wanajua iko wapi.